Jina Asilolitaja Mbodze

Mbodze wa Kikoneni hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alimwambia muuza mbuzi kwamba mbuzi wake ana kikohozi, na alimwambia mbele ya mnunuzi. Alimwambia mchungaji kwamba mahubiri yamekuwa marefu na watoto wana njaa. Siku moja barazani, watu wametulia wanasikiliza habari za mbolea, alimwambia chifu kwamba zipu ya suruali yake iko wazi. Lakini kulikuwa na majina mawili ambayo ulimi wake haukuwahi kuyagusa tangu aolewe, na ungeweza kumfunga kamba usiyapate.

La kwanza lilikuwa jina la mumewe. La pili lilikuwa jina la bavyaa wake, yaani baba wa mumewe, mzee aliyempokea akiwa msichana na kumwonyesha mahali pa kujenga jiko lake. Katika nyumba ile mwanamke aliyeolewa hakuyataja majina hayo, basi. Hakuna aliyemfundisha kwa fimbo. Alimwona mavyaa wake, mama wa mumewe, hayataji, naye akaacha kuyataja, na miaka ikaenda.

Tabu ilianza alipojifungua mtoto wa kiume. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na babu huyo aliitwa Mwero. Kwa hiyo mtoto naye akaitwa Mwero, na mama aliyemzaa akawa mtu pekee kijijini asiyeweza kumwita kwa jina lake. Alitafuta njia. Kwa kuwa mzee mwenye jina ndiye aliyekuwa mkuu wa boma lote, Mbodze alimwita mtoto Mwenye Mji. Hajaota hata jino, kamasi zimemfika mdomoni, alikuwa Mwenye Mji. "Mwenye Mji amejikojolea," alisema, na wanawake wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu.

Kliniki ya watoto ndiyo iliyomtoa jasho. Mhudumu wa chanjo alipouliza jina la mtoto, Mbodze alimgeukia wifi yake Kache, ambaye alikuwa amemchukua makusudi kwa kazi hiyo, naye Kache akalisema. Siku moja Kache alikuwa na homa. Mbodze akamwomba mama mmoja kwenye foleni amsomee kadi kwa sauti, kumbe yule mama hajui kusoma, na wote wawili wakabaki kuigeuzageuza kadi mpaka mhudumu alipoinyakua mwenyewe huku akisonya. Shuleni mtoto alipelekwa na baba yake. Mambo yakapita hivyo, na kila mahali palipohitaji jina, palipatikana mtu wa kulisema.

Mumewe aliitwa Kalama. Sisi tunaweza kumtaja. Alikuwa mtu mpole na mbishi kwa wakati mmoja, watu wa namna hiyo wapo. Alichomwa na msumari wenye kutu unyayoni, akaambiwa aende hospitali, akasema kesho. Ndugu walimbembeleza, mkewe akambembeleza, na kila alipobembelezwa alisema kesho, mpaka pepopunda ikamkaza taya na hakuwa tena na uwezo wa kusema lolote. Mwero alikuwa darasa la saba. Aliusaidia mwili wa baba yake kuingia kaburini na tangu siku hiyo hakupenda watu wanaosema kesho.

Mwero huyo amekuwa mtu mzima. Ni msimamizi wa askari wanaolinda majumba ya wageni kule Diani, ana redio kiunoni na viatu vinavyong'aa. Ameoa Everline, mwanamke wa Kakamega anayefanya kazi ya kutandika vyumba hotelini, nao wanakaa Ukunda katika vyumba viwili vya kupanga. Mbodze alibaki Kikoneni na mbuzi wake, muhogo wake, na nyumba yake juu ya mteremko. Choo kiko chini ya mteremko, maji yako chini zaidi. Watu walimwonea huruma kwa kupanda na kushuka, lakini mwenyewe alikuwa akishuka huku anaimba na kupanda huku anagombana na mbuzi, na hakuona cha kuhurumiwa.

Sukari ilimshika uzeeni. Alipewa vidonge akavinywa, si kila siku. Nyayo zake zikaanza kufa ganzi, hata akikanyaga mwiba hajui. Ndivyo kidole gumba kilivyopata kidonda, na kidonda kikawa kikubwa kabla hajakiona. Alikiosha kwa maji ya chumvi akakifunga kitambaa. Everline alipokuja kumtembelea na unga na sukari ya chai, hakuketi hata kidogo. Alinusa, akafungua kitambaa, akaona vidole viwili vimekuwa vyeusi, akampigia simu mumewe huku analia.

Wakamkimbiza katika hospitali moja iliyoko njia ya Msambweni, ambayo jina lake tuliache, maana haliongezi chumvi kwenye habari hii. Alifika akiwa anawaka homa na sukari imepanda vibaya sana. Siku mbili za mwanzo hakuwa yeye. Aliwaswaga mbuzi ambao hawakuwapo wodini, akamwita Everline kwa jina la marehemu dada yake, na akamwamuru mgonjwa wa kitanda cha pili amletee kuni. Daktari aliyemwona katika hali hiyo aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa amechanganyikiwa, na kwa siku hizo aliandika kweli tupu.

Kisha dawa ikafanya kazi. Homa ikashuka, na Mbodze akaamka asubuhi moja akajua yuko wapi. Akamwomba radhi yule mgonjwa wa kitanda cha pili kwa habari ya kuni. Aliomba uji, akaonja, akasema umepikwa na mtu mwenye haraka. Akili yake ilikuwa imerudi yote, na ulimi umerudi nayo. Faili halikujua lolote kati ya hayo.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana aitwaye Owen, mtu wa bara, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Usimdhanie mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wengi na mikono miwili. Alipofika kitandani aliuliza kama wanavyouliza wote katika hospitali zetu:

"Mwenye mgonjwa ni nani?"

Mwero akasogea mbele. Huku kwetu mgonjwa akishalazwa huwa na mwenyewe, yaani yule aliyemleta, na maneno yote hupelekwa kwa huyo. Mgonjwa hupewa salamu na pole. Daktari Owen alimpa Mbodze pole, kisha akamgeukia Mwero, na wakazungumza wakiwa wamesimama miguuni pa kitanda, wakimzungumzia mtu aliyelala baina yao na macho yake wazi.

"Hii mguu iko na njia mbili," alisema daktari. "Ya kwanza tunakata hapa chini ya goti. Inapona vizuri, sumu haipandi, na mama anaishi. Ya pili ni kutoa vidole na sehemu ya mbele ya unyayo tu, halafu tungoje. Ikikubali, atatembea na hiyo mguu yake. Lakini damu haifiki huko vizuri. Inaweza kukataa kupona, sumu ipande, na tukirudi kukata juu tuwe tumechelewa. Mimi nashauri goti."

"Basi goti," alisema Mwero.

"Vidole," alisema Mbodze.

Wote wawili wakageuka. Daktari alionekana kama aliyesahau kwamba kitanda kina mtu.

"Mama, pumzika," alisema Mwero.

"Nimepumzika siku zote hizi. Nimesikia njia mbili. Mimi nachukua ya pili. Vidole kateni, mguu siutoi."

Daktari alifungua faili, akasoma yaliyoandikwa siku za homa, akakuna shingo. Halafu akavuta kiti, na hilo tumpe haki yake, maana wengine wasingevuta kiti. Akasema atamuuliza maswali machache, aone kama kichwa kiko sawa.

"Uko wapi hapa, mama?"

"Hospitali."

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja. Huyo."

"Anaitwa nani?"

Mbodze akamtazama Mwero. Hakutazama kwa wasiwasi. Alitazama kama alivyokuwa akimtazama Kache kwenye foleni ya chanjo, akingoja litajwe, maisha yaendelee. Lakini Mwero alikuwa anasoma kitu kwenye simu yake, au anajifanya anasoma.

"Mama? Mtoto wako anaitwa nani?"

Kimya.

"Sawa. Na baba yake, marehemu, aliitwa nani?"

Kimya tena. Mbodze aliona joto likimpanda usoni. Aliulizwa majina yale yale mawili tu katika majina yote ya dunia, na kijana huyu, ambaye mama yake mwenyewe huko kwao huenda ana majina yake asiyoyataja, hakushtukia kitu.

Daktari Owen akasimama. "Umeona?" alimwambia Mwero kwa sauti ya chini, kwa upole wa kweli. "Hata jina lako limempotea. Mtu akiwa hivi hawezi kuamua jambo kubwa kama hili. Itabidi uamue kwa niaba yake."

Hapo ndipo neno moja tu lilipohitajika. Mwero alijua. Alikuwa amekua ndani ya mzaha ule, amechekwa nao shuleni, amemsimulia Everline nusu yake wakati wa uchumba. Angesema, "Daktari, mama hataji jina hilo kwa heshima," na mambo yangekwisha. Badala yake alimwona baba yake na taya iliyokazana. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda ofisini kutia sahihi, na upasuaji ukapangwa kesho yake asubuhi.

Jioni alirudi na chungwa. Alimenya akampa mama yake, na mama yake akalishika bila kulila.

"Mwenye Mji, mbona hukumwambia?"

Mwero hakujitia hajui, na hilo pia tumpe haki yake.

"Mama, Baba tulimbembeleza. Tulimheshimu sana, tukamheshimu mpaka tukamzika. Wewe sitakuzika kwa ajili ya adabu."

"Baba yako alikataa dawa. Mimi sijakataa. Nimechagua."

"Umechagua iliyo mbaya."

"Ni mguu wa nani?"

"Ni wako, Mama. Lakini ukifa, anayebaki ni mimi."

Mbodze alijua hilo ni kweli. Aliligeuza chungwa mkononi.

"Sikiliza," alisema mwishowe. "Mguu ukikatwa gotini, pale kwangu sipawezi tena. Choo siwezi kukifikia, maji siyafikii, mbuzi watanicheka. Mtanichukua Ukunda."

"Tutakuchukua kwa furaha. Everline mwenyewe ameshanunua kitanda."

"Ndilo hilo ninalokwambia. Nitakaa kwenye kitanda cha Everline nikitazama ukuta mpaka nife. Nitakula vizuri, nitaogeshwa, nami nitakuwa mgeni kila siku. Nikikosea kwa vidole, basi nimekosea nikiwa kwangu. Nimepima. Sitaki kufa, mwanangu, mie naogopa kufa kama mtu yeyote. Lakini nimepima."

Mwero alisema sahihi imeshatiwa. Akaondoka na maganda ya chungwa mkononi, akatafuta pa kuyatupa, akayakosa, akayatia mfukoni.

Everline alibaki nyuma kumkunja shuka. Alikuwa mwanamke wa moyo mwema na hakupenda jinsi chumba kilivyokuwa kizito.

"Mum," alisema, "si useme tu hilo jina? Ni jina tu. Mwero! Kwani ni ngumu?"

Mbodze aligeuza uso ukutani. Hata kulisikia karibu hivyo na masikio yake, kutoka kwa mke wa mwenye jina, kulimtia haya. Si kwamba aliogopa laana au radi. Alikuwa amelibeba jina hilo bila kulidondosha tangu ujana wake, katika njaa, katika msiba, katika kugombana na mumewe hadi kutupiana sufuria, na hata siku ya sufuria hakulitaja. Vitu vingine alivyokuwa navyo vilikuwa vimechakaa au vimeuzwa. Hicho kilikuwa kizima.

"Ni ngumu," alisema. "Zima feni hiyo, yanipiga kichwani."

Asubuhi wakamsukuma kwa kitanda cha magurudumu hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Mwero alitembea kando yake akiwa amevaa sare za kazi, maana zamu yake ilikuwa inaanza mchana. Mlangoni alisimama muuguzi wa makamo, Mwanapili, mwenyeji wa Msambweni, buibui lake limetundikwa kwenye msumari na kofia ya kijani imefunika hijabu. Kazi yake ilikuwa kumwuliza kila mgonjwa maneno yale yale kabla ya dawa ya usingizi, ili asije akakatwa mtu asiyehusika au upande usiohusika. Wengine huyauliza huku wanatazama saa. Mwanapili aliyauliza kwa kituo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia apunguze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeamkaje?"

"Salama, alhamdulillahi ya kwenu na asante Yesu ya kwetu."

Mwanapili akacheka. "Jina lako kamili nani?"

"Mbodze Mramba." Jina la baba mzazi halikuwa na mwiko wowote.

"Leo wafanyiwa nini, mama?"

"Wataka kunikata mguu huu hapa." Alionyesha chini ya goti. "Mimi niliwaambia vidole."

Mwanapili akaacha kuandika. "Kwani hukukubali?"

"Sikuulizwa. Aliulizwa huyo."

Mwanapili alimtazama Mwero, akafunga kalamu, akaingia ndani. Daktari Owen akatoka, kofia kichwani, barakoa shingoni.

"Dada Mwanapili, faili iko wazi," alisema. "Mama hana uwezo wa kuamua. Nilimpima mimi. Mtoto wake ametia sahihi."

"Nimeliona, daktari. Nimeona pia kuchanganyikiwa kumeandikwa siku ile aletwa, na homa imeshuka tangu juzi. Mtu mzima ahesabiwa ana akili zake mpaka ionekane kwa hakika hana, ndiyo sheria, hukunifundisha wewe wala sikukufundisha mimi. Na mtu asemaye hapana hapa mlangoni, mie simvushi. Amenijibu kila kitu vizuri."

"Hajui jina la mtoto wake."

"Basi na aulizwe tena. Tupo sote."

Daktari alipumua. Orodha yake ya siku ilikuwa ndefu na ndio kwanza mgonjwa wa kwanza. Lakini hakuwa mtu wa kukata mguu wa mtu anayebisha, na ndani ya moyo wake, tangu jana, kulikuwa na kitu kinamkwaruza kuhusu yale maneno ya "nimesikia njia mbili". Akainama kitandani.

"Mama, huyu aliyesimama hapa ni nani?"

"Ni mwanangu."

"Jina lake?"

Mbodze akageuza kichwa juu ya mto akamtazama Mwero. Alimpa nafasi. Alimpa nafasi ndefu, ndefu kuliko ile ya wodini, na hakuficha kwamba anampa. Mwanapili naye akamtazama Mwero, kwa sababu mgonjwa anamtazama. Mwero alitazama magurudumu ya kitanda. Midomo yake ilifunguka mara moja, ikafumba. Alimpenda mama yake kupita kitu chochote, na ndiyo sababu alinyamaza.

Mbodze aliumia. Tusizunguke, aliumia kuliko alivyoumia siku ya kidonda, ambacho hata hakukisikia. Alimwona mwanawe amesimama na viatu vyake vinavyong'aa, anangoja mama yake aonekane hana akili ili apate kumwokoa. Akamwonea huruma. Kisha akajionea huruma mwenyewe, na hiyo ya pili ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Mwero," alisema.

Sauti ilitoka kavu, kama mlango usiofunguliwa miaka mingi. Akameza mate akaanza upya, kwa nguvu, kila jina peke yake.

"Huyu ni Mwero wa Kalama wa Mwero. Mwero ni mwanangu. Kalama alikuwa mume wangu. Mwero mkubwa alikuwa bavyaa wangu, na mji ulikuwa wake. Nimewataja wote. Wataka na majina ya mbuzi?"

Mwero aliinua macho kutoka kwenye magurudumu. Alikuwa ameitwa jina hilo na walimu, na wakubwa wa kazi, na mke wake, na wazungu wanaolitamka vibaya, na hajawahi hata siku moja kulisikia kinywani mwa mama yake. Halikuwa na utamu wowote. Mwanapili, ambaye ni mtu wa pwani na si mjinga, alitazama uso wa mama, akatazama uso wa mtoto, akaelewa kilichotokea, akainamisha kichwa.

Daktari Owen hakuelewa. Alitabasamu, amefarijika.

"Vizuri kabisa, mama. Sasa jana mbona hukusema?"

"Jana nilikuwa bado na adabu zangu," alisema Mbodze. "Haya, nieleze habari za mguu. Unieleze mimi."

Daktari akamweleza. Safari hii alipiga magoti kando ya kitanda kule kwenye baridi ya mlango, akamweleza njia zote mbili bila kumficha lolote, akamwambia waziwazi kwamba angekuwa mama yake angemwomba achague goti. Halafu akamtaka ayarudie kwa maneno yake. Mbodze akayarudia: kwamba vidole na kipande cha mbele vikitolewa, kidonda chaweza kufunga, chaweza pia kukataa, kwamba kikikataa watarudi hapa kukata zaidi, na huenda wakachelewa, naye akafa.

"Umeshasikia, na bado wataka vidole?"

"Nataka vidole. Na kama kidonda kitaoza nitakuja mwenyewe, sitangoja kuletwa."

Daktari akasimama, magoti yakalia. Karatasi mpya ikaletwa, na Mbodze akatia dole gumba. Mwero aliulizwa kama ana la kusema. Alisema hana.

Sasa miezi imepita. Kidonda kimefunga sehemu kubwa, si chote. Kuna kona moja inayofunguka na kufunga, na muuguzi wa zahanati anayekisafisha hajathubutu kusema kimepona. Daktari Owen naye hasemi. Mbodze ana fimbo na kiatu kilichojazwa vitambaa mbele, na huanguka mara kwa mara, na akianguka huwatukana mbuzi. Vidonge anavinywa kila siku. Amebaki kwake.

Mwero huja kila siku ya mapumziko. Amechimba ngazi kwenye mteremko kwa jembe, amesimamisha nguzo na kufunga mti wa kushikilia kuanzia mlangoni hadi chooni. Amepeleka mpira wa maji hadi jikoni. Hajasema tena habari za Ukunda, na kile kitanda sasa anakilalia mgeni wa Everline.

Lakini kitu kimoja kimebadilika, na kijiji kizima kimekisikia. Siku ya kwanza Mbodze alipotoka uani na kuita, "Mwero, niletee hiyo fimbo," wifi yake Kache alikuwa amekaa kivulini anasuka mkeka, na mkeka ukamdondoka. Kache ni bibi kizee sasa. Alimtazama Mbodze akadhani zile homa zimerudi. Hazikuwa zimerudi. Alimwita Mwero asubuhi, akamwita Mwero mchana, kwa sauti ya kawaida tu, kama anavyoitwa na kila mtu. Hakumkasirikia. Alimpikia, akacheka naye, akamuuliza habari za kazi. Mwenye Mji hakutajwa tena.

Mwero alivumilia. Alijiambia ni jina tu, kama mke wake alivyosema. Alijikuta akirefusha kazi, akimaliza ngazi moja na kuanza nyingine, akingoja asikie lile la zamani walau kwa bahati mbaya. Hata wakati wa mzaha hakulisikia. Jumapili moja, jasho linamtiririka, aliweka jembe chini akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda na karai la muhogo miguuni.

"Mama," alisema, "siku ile mlangoni nilijua. Na wodini nilijua. Ningesema neno moja nisingekuvunjia heshima yako. Niliogopa. Nisamehe."

Mbodze aliacha kisu. Alimfuta mwanawe vumbi usoni kwa kiganja chake, polepole, paji la uso na mashavu, kama alivyokuwa akimfuta kamasi. Macho yake yalilowa na hakuyaficha.

"Nimekusamehe, Mwero," alisema, akachukua muhogo mwingine akaendelea kumenya.